Madini Chini, Watu Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uchimbaji Tanzania

Maswali haya ni yale yanayorudi kila unapokaa na watu wanaoishi karibu na machimbo, iwe Geita, Kahama, Tarime, Chunya au Simanjiro. Sikuyapanga kwa ukubwa wa jambo. Nimeyaacha yafuatane kama yanavyoulizwa, kuanzia siku gari la watafiti linapoingia kijijini hadi siku mgodi unapofungwa.

Kampuni imekuja na leseni kutoka serikalini. Je, ardhi yetu imekwisha kuwa yao?

Hapana. Hapa kuna haki mbili zinazochanganywa kila siku. Madini yaliyo ardhini ni mali ya umma, na Rais anayashikilia kwa niaba ya Watanzania. Leseni inampa mtu ruhusa ya kuyatafuta au kuyachimba hayo madini, lakini haifuti haki ya aliyeko juu, awe na hati ya kimila, awe anamiliki tu kwa desturi.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mmiliki kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba inayokaliwa, au ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa. Maandishi, siyo kupeana mikono chini ya mwembe. Ni kweli kwamba ridhaa ikizuiliwa bila sababu ya msingi Waziri anaweza kuiondoa, kwa hiyo usitegemee neno "sitaki" peke yake. Ila mtu anayejua kwamba ridhaa yake inahitajika huzungumza tofauti kabisa na mtu anayedhani ameshafukuzwa, na mimi nimeona mikutano ikibadilika kwa sababu hiyo tu.

Fidia inapaswa kuwa na nini ndani yake?

Watu wengi huhesabu nyumba na miti, basi. Kwa taratibu za fidia ya ardhi nchini, malipo yanatakiwa kubeba thamani ya soko ya ardhi yenyewe, thamani ya majengo na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa kuhamisha mizigo, posho ya makazi wakati unatafuta pa kukaa, na hasara ya faida kama ulikuwa na duka au biashara nyingine. Ukikuta karatasi yako ina mistari miwili tu, uliza mingine imeenda wapi.

Muda nao una uzito. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu aidhinishe jedwali la fidia. Ikichelewa inazaa riba, na baada ya miaka miwili uthamini wenyewe unakufa na kazi inatakiwa kuanza upya. Naliweka wazi hili kwa sababu umaskini mwingi unaotokana na mgodi mkubwa hutokea kabla hata jiwe la kwanza halijapasuliwa. Katika kijiji kimoja nilichokaa, watu waliambiwa wasipande mazao ya kudumu wala kukarabati nyumba kwa kuwa wameshathaminiwa. Mvua tatu zilipita. Paa zilivuja, migomba ilizeeka, wasichana waliacha shule, na hakuna aliyekuwa amelipwa. Hasara hiyo haikuandikwa kwenye fomu yoyote.

Kwa hiyo: usisaini fomu ambayo haijajazwa. Piga picha kila chumba, kila mti, kila kaburi, na hakikisha tarehe inaonekana. Omba nakala ya fomu yako siku ileile. Kama mume yupo safarini, mke awepo wakati wa kuhesabu na jina lake liandikwe, maana fedha za fidia zikiingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, familia nzima inaweza kuhama bila mahali pa kwenda.

"Tegesha" ni kosa?

Neno hili lilikua Nyamongo, wilayani Tarime. Mtu akisikia mgodi unapanuka, anajenga vibanda usiku na mchana au anapanda miti ikiwa imebanana, ili naye ahesabiwe. Ndiyo, ni udanganyifu, na unaumiza zaidi jirani mwaminifu kuliko kampuni, kwa sababu uthamini wote unaingia kwenye mgogoro na aliyezaliwa pale anasubiri pamoja na aliyefika jana. Lakini tegesha haikushuka kutoka mbinguni. Hukua pale ambapo mipaka ya eneo na tarehe ya mwisho ya kuhesabu haitangazwi hadharani, na ambapo watu waliotangulia walilipwa kidogo mno.

Tumezungukwa na dhahabu. Mbona sisi bado ni maskini?

Hili ndilo swali lenyewe, na linastahili jibu refu.

Kitaifa, sekta inafanya vizuri. Mwaka 2024 madini yalifikia asilimia 10.1 ya pato la taifa, na dhahabu peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni 3 za mauzo ya nje. Fedha hizo, hata hivyo, hazipiti kijijini. Dhahabu inapouzwa, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 huenda Hazina. Kodi ya mapato, pale mgodi unapoonyesha faida, huenda Hazina. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma, usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo. Kijiji chenyewe, chenye vumbi, milio ya baruti na barabara iliyochimbika, hakina mgao wake wa moja kwa moja kisheria.

Halafu kuna suala la manunuzi. Mgodi mkubwa ni kama kisiwa: mitambo, matairi, kemikali na mafuta vinatoka mbali, na kwa miaka mingi hata nyama na mboga za wafanyakazi zilitoka nje ya mkoa. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018 zilikuja kulazimisha ununuzi wa ndani, na kweli zimefungua milango. Lakini anayefaidika ni mwenye kampuni iliyosajiliwa, mwenye mtaji na mashine ya risiti. Mama anayeuza mboga hawezi kusubiri siku 60 kulipwa.

Ajira nayo si nyingi kama watu wanavyofikiri. Migodi mikubwa hutumia mashine, si mikono. Umati uko kwa wachimbaji wadogo, ambao kwa makadirio ya kawaida ni zaidi ya milioni moja nchi nzima, na ambao siku hizi huchangia takriban asilimia 40 ya makusanyo ya serikali kutoka sekta hii. Watu hawa ndio wanaojenga nyumba za bati Katoro na Runzewe. Ukitaka kuona fedha ya dhahabu inayozunguka mtaani, ipo kwao.

Mabadiliko ya mwaka 2017 yalisaidia kitu?

Yalisaidia mezani pa mazungumzo. Machi mwaka huo serikali ilizuia bandarini makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini ambao haujasafishwa, kisha Bunge likapitisha sheria mpya: mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuchangia mtaji, na Tume ya Madini ikaundwa. Mvutano uliishia kwa mkataba wa Januari 2020. Kampuni ya Twiga ilisimamia migodi ya Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi, serikali ikiwa na asilimia 16 na kampuni ya Barrick, mwendeshaji wa migodi hiyo, asilimia 84, na dola milioni 300 zilikubaliwa kumaliza madai ya kodi ambayo awali yalitajwa kuwa dola bilioni 190.

Maoni yangu ni kwamba heshima ya nchi ilipanda, na hilo si dogo. Ila hisa za serikali hazimfikii mtu wa Bugarama au Kewanja mpaka bajeti ya taifa impelekee zahanati au barabara. Kipengele kilichomgusa moja kwa moja ni kingine kabisa, na hakisemwi sana: kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini.

Kifungu cha 105 kinasema nini?

Kwamba mwenye haki ya madini lazima kila mwaka aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri. Zamani kampuni ilijenga darasa ikipenda, na ikipaka rangi yake ikapiga picha. Sasa ni wajibu.

Udhaifu uko kwenye kukubaliana. Mpango hupita kwenye vikao vya halmashauri, na mara nyingi mradi unaenda makao makuu ya wilaya badala ya kijiji kinachopumua vumbi. Dawa yake ni ya kizamani: mkutano mkuu wa kijiji uandike vipaumbele vyake kwenye muhtasari, muhtasari usainiwe, diwani aubebe. Mezani pa halmashauri, karatasi yenye mhuri wa kijiji haipuuzwi kirahisi kama malalamiko ya mdomo. Pia soma ripoti za TEITI, taasisi ya uwazi iliyopewa nguvu na sheria ya mwaka 2015. Zinaonyesha kampuni zinasema zimelipa nini na serikali inasema imepokea nini.

Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, nani anapata nini?

Mwenye leseni ana sehemu yake, mwenye shamba anayo yake, mwenye duara aliyelipa chakula, matimba (miti ya kushikilia kuta za shimo) na baruti anayo, na wachimbaji wanagawana mifuko iliyobaki. Mawe yakikosekana, mchimbaji amefanya kazi kwa ugali tu. Asilimia hutofautiana kila machimbo, na kinachoumiza ni kwamba hubadilishwa baada ya mawe kuonekana. Andikeni mgao kabla ya kushuka, hata kwenye daftari la shule, na mashahidi wawe wawili.

Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania pekee na hudumu miaka saba, ikihuishwa. Vikundi vinaweza kuiomba. Kikundi chenye leseni hakifukuzwi asubuhi moja na mtu mwenye karatasi.

Zebaki ina ubaya gani? Tumeitumia tangu zamani na hatujafa.

Zebaki haiui kama nyoka. Inakaa mwilini na kuharibu polepole: mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, kumbukumbu inapungua, figo zinachoka. Mtu anaambiwa ana uzee au amelogwa.

Hatari kubwa haiko pale unapoikamatisha dhahabu karaini, ingawa kushika kwa mkono mtupu si vizuri. Iko kwenye kuchoma. Ukiweka lile donge la dhahabu na zebaki motoni, zebaki yote iliyomo inageuka mvuke usio na harufu wala rangi. Unaivuta wewe, anaivuta mtoto aliyekaa jikoni, na inaganda kwenye kuta za nyumba na kuendelea kutoka kwa miezi. Mama mjamzito akiivuta, au akila samaki wenye zebaki, inamfikia mtoto tumboni na kugusa ubongo wake unaojengeka. Iliyomwagika kwenye mialo, pale mchanga unapooshewa, huingia mitoni, vijidudu vya matope huibadilisha kuwa aina kali zaidi, na inapanda kutoka kwa samaki mdogo hadi mkubwa. Kanda ya Ziwa inakula samaki kila siku. Unaona inakoelekea.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mkataba huo haukupiga marufuku zebaki kwa wachimbaji wadogo mara moja, lakini umetaja mambo manne ya kukomeshwa: kumimina zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga mzito uliochujwa, kuchoma donge wazi, kuchomea kwenye makazi, na kutia sayanaidi (kemikali ya kutolea dhahabu) kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yenye zebaki bila kuitoa kwanza.

Cha kufanya leo, kabla ya mradi wowote kuja? Usichomee nyumbani, kamwe. Tumia chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopoozwa kwa maji. Mvuke unarudi kuwa zebaki na unaitumia tena, kwa hiyo hata mfuko wako unapona. Chuja kwanza kwa meza ya kutikisa au zulia zuri, ili zebaki ikutane na mchanga kidogo tu. Wengine wameiacha kabisa na kuyeyusha mchanga mzito kwa boraksi. Kumbuka pia kwamba zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, mara nyingi kama theluthi. Iliyobaki unaiuza kwa bei ya mchanga kwa mwenye kiwanda cha sayanaidi, na yeye ndiye anayeipata.

Basi sayanaidi ni salama zaidi?

Ni sumu kali zaidi kwa haraka, lakini huvunjika kwenye jua na hewa, jambo ambalo zebaki haifanyi. Kiwanda kilichosimamiwa vizuri, chenye uzio, sakafu isiyovuja na watu waliofunzwa, ni bora kuliko mialo mia ya zebaki. Kilichochimbwa nyuma ya nyumba na kutandikwa turubai ni hatari kwa kila ng'ombe anayekunywa pale. Mwenye kiwanda lazima awe amesajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali na awe na cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Muombe akuonyeshe.

Mabwawa ya tope yana hatari gani kwa walio chini yake?

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, Kishapu, ulipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba ya majirani. Mwaka 2009 maji yenye tindikali kutoka North Mara yalivuja kuelekea mto Tigithe, na kampuni ikasema turubai la bwawa lilikuwa limeibwa. Maelezo hayo hata yakiwa kweli, hayamnyweshi mtu maji. Miamba yenye salfaidi ikishachimbwa na kukutana na hewa na mvua hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali nzito. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi baada ya mgodi kuzimwa.

Kijiji kilicho chini ya bwawa kiwe na njia ya kukimbilia inayojulikana na watoto, na kiombe matokeo ya vipimo vya maji kwa Kiswahili, yakiwa na kiwango kinachoruhusiwa pembeni. Namba bila kipimo cha kulinganishia haimsaidii mtu yeyote.

Kwa nini watu wanaendelea kufukiwa?

Oktoba 2015, Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa chini. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa wadudu, vyura na matone ya maji. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Januari 2024 huko Bariadi kifusi kiliua zaidi ya watu 20, na hapakuwa na muujiza.

Sababu si fumbo. Matimba machache kwa kuwa mti ni ghali. Duara lililochimbwa wima bila ngazi. Maduara mawili yanayokutana chini bila ramani. Mvua za masika. Na zaidi ya yote, kurudi eneo lililofungwa na mkaguzi, usiku, kwa sababu nyumbani hakuna unga. Ninaposikia "wamekaidi amri", huwa nauliza amri hiyo ilikuja na chakula gani. Hata hivyo, duara likitoa nyufa juu au likianza kudondosha vijiwe, toka. Jembe utalikuta kesho.

Vumbi nalo linaua, kimya kimya. Mawe ya dhahabu yana silika nyingi. Ikikaa kwenye mapafu huyafanya magumu na kukaribisha kifua kikuu. Lowesha mwamba kabla ya kutoboa, na kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, usikubali kusaga mawe makavu kwenye chumba kilichofungwa. Kikohozi cha wiki mbili ni cha hospitali.

Watoto wanaosaidia wazazi machimboni?

Uchimbaji ni kazi hatarishi, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata kama ni "kusaidia" kuponda mawe au kuosha mchanga. Kwenye machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani waliwaita nyoka, kwa sababu walipita kwenye matundu ambayo mtu mzima hapiti. Jina hilo peke yake linatosha kuonyesha walivyotumiwa.

Na wanawake?

Wanaponda, wanachekecha, wanapika, wanakopesha, lakini kwenye machimbo mengi bado wanaambiwa wakishuka dhahabu itakimbia. Hakuna jiwe linalojua nani amelishika. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kipo tangu 1997, na wanachama wake wanamiliki leseni zao.

Mganga amesema duara letu linahitaji dawa.

Imani kwamba viungo vya binadamu vinaleta madini imesababisha ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa. Hakuna namna laini ya kulisema hili. Ukisikia mazungumzo ya aina hiyo machimboni, toa taarifa polisi siku hiyohiyo. Dhahabu inakaa kwenye mkanda wa mwamba, na GST, taasisi ya jiolojia, ndiyo yenye ramani za mikanda hiyo. STAMICO, shirika la madini la taifa, nalo lina mitambo ya kuchoronga kwa wachimbaji wadogo.

Ukuta wa Mirerani umesaidia?

Ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 ulifunguliwa Aprili 2018 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti, na makusanyo ya serikali yalipanda. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuza serikalini mawe mawili, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7 na zaidi, mbele ya kamera badala ya gizani. Upande wa pili, wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakiishi kwa kununua vijiwe kwa wachimbaji walipoteza riziki, na foleni ya upekuzi getini imekuwa kero ya kila siku. Masoko ya madini yaliyoanza Geita mwaka 2019 yameonyesha njia nyingine: punguza kodi zinazomsukuma mtu kutorosha, muonyeshe bei ya siku ubaoni, naye atakuja mwenyewe.

Mgodi ukifungwa, tunabaki na nini?

Golden Pride ya Nzega, mgodi wa kwanza wa kisasa wa dhahabu nchini, ulianza mwaka 1998 na ukadumu miaka ipatayo 15. Eneo lake likaelekezwa kwenye mafunzo ya Chuo cha Madini. Buzwagi ilikoma uzalishaji mwaka 2021 na eneo limepangiwa viwanda, kikiwemo cha kusafisha nikeli ya Kabanga. Hii ni mifano iliyofikiriwa mapema, na bado wenye nyumba za kupanga na vibanda vya chakula waliachwa ghafla.

Mpango wa kufunga mgodi huandaliwa mwanzoni, pamoja na dhamana ya fedha za kukarabati ardhi. Ombeni kuuona wakati mgodi bado una faida. Ulizeni shimo litafanywa nini, nani atapima maji baada ya wenyewe kuondoka, na kwa miaka mingapi. Vijiji vya Ngara na Mahenge, ambako nikeli na kinywe (grafiti) vinasubiriwa, vina nafasi ya kuuliza haya sasa.

Nina malalamiko. Nianzie wapi?

Mgogoro wa leseni, mipaka ya vitalu au mgao: Afisa Madini Mkazi wa mkoa wako, kisha Tume ya Madini Dodoma. Maji, vumbi, mitetemo: NEMC kanda. Ajali na usalama kazini: OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kama umeajiriwa na umeumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwajiri hawezi kukukatalia kwa kusema hukuwa na mkataba wa maandishi kama kuna ushahidi kwamba ulimfanyia kazi. Mgogoro wa ardhi: baraza la kijiji na kata, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Peleka barua, siyo maneno, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa ikionyesha tarehe. Kama barua inahusu watu wengi, kila mmoja aandike jina lake na kusaini. Kwa maji yaliyobadilika rangi, jaza chupa mbili safi siku hiyohiyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, andika saa na mahali, moja iende maabara na nyingine ibaki kijijini.